Magimbi ya Bibi Sekela

Ukipita ile bustani ya kando ya mto hapa Tukuyu, utamkuta Ambwene akifyeka nyasi. Zamani pale palikuwa bonde la magimbi. Malori yakamwaga kifusi siku tatu, bonde likawa uwanja, kisha yakaja mabenchi, maua, na maharusi wa kupiga picha.

Ambwene ana mkono wa maua, ila kona moja inamshinda. Mvua ikinyesha tu, magimbi yanachipua katikati ya nyasi, na msimamizi anamwambia ang'oe. Hung'oa akiangalia pembeni. Ni magimbi ya jirani yake, Bibi Sekela.

Kabla ya kifusi, Ambwene ndiye aliyetumwa na msimamizi: kamwambie bibi avune kabla ya Jumatatu. Jioni hiyo ikashuka mvua yetu hii, mnaijua. Akajisemea, atasikia kanisani. Akavuta blanketi.

Bibi hakusikia. Akaamini kwamba tangazo lilisomwa kanisani, na kwamba mjukuu wake Happyness, aliyekwenda peke yake Jumapili ile, alisahau kumwambia. Binti akakana, akaitwa mwongo, akahamia kwa shangazi yake Kiwira. Mwaka wa pili sasa, hajakanyaga kwa bibi.

Juzi Bibi Sekela akamkuta Ambwene aking'oa magimbi, moja mkononi.

"Baba Gloria, kumbe shamba langu halijafa."

"Halijafa, bibi."

"Unayapeleka wapi? Ya wizi yanawasha koo."

"Natupa."

"Unatupa chakula? Afadhali ungeiba." Akacheka, kisha akaguna. "Yule mtoto angenifikishia tangazo, ningevuna yote."

Ambwene akaliweka gimbi chini.

"Hapakuwa na tangazo, bibi. Nilitumwa mimi. Nikaogopa mvua."

Bibi akatua kikapu. Akawangoja maharusi waliokuwa wakipiga picha waondoke.

"Namwita mjukuu wangu mwongo," akasema polepole, "na wewe unanisalimia kila asubuhi."

"Kila asubuhi, bibi."

"Nenda Kiwira. Ukamwambie yeye, kwa mdomo huo huo."

"Kesho mapema nita..."

Akatazama juu. Wingu lilikuwa limeshaufunika mlima Rungwe, na matone yameanza kugonga mabenchi. Bibi alikuwa anamwangalia tu.

Ambwene akasukumia jembe chini ya benchi, akashika njia ya Kiwira, kichwa wazi. Nyuma yake Bibi Sekela akainama, akaanza kuokota magimbi yake.