Pua ya Fundi Majeneza

Fundi wa majeneza alikuwa na pua isiyokauka. Masika na kiangazi ilichuruzika, ikaziba, ikachuruzika tena. Wafiwa walipomwona akijipangusa huku akipima mbao, walisema, "Huyu ana utu, analia nasi." Wakawa wanapita karakana nyingine zote wakimfuata yeye.

Mkewe, aliyechoshwa na mikoromo, akampeleka kwa daktari wa pua.

"Kuna mshipa wa fahamu nyuma ya pua unaoagiza makamasi bila kupumzika," daktari alimweleza. "Tutapitisha kifaa chembamba puani, tuugandishe kwa baridi. Hatukupasui uso."

Alirudi nyumbani siku hiyohiyo. Baada ya wiki chache pua ikakauka, na wateja nao wakakauka. Mtaani wakanong'ona kwamba fundi kawa na roho ya jiwe. Mkewe akamshauri ajipake kitunguu machoni, naye akakataa katakata.

Siku moja akaja mjane ambaye fundi aliwahi kumtengenezea jeneza la mumewe. Sasa alikuwa amefiwa na mama mkwe.

"Fundi, mume wangu ulimlilia mpaka mimi nikakuonea huruma. Leo hata chozi?"

"Nisamehe, dada. Yale yalikuwa makamasi. Nimetibiwa."

Mjane akachungulia mlangoni, kisha akamsogelea. "Usimwambie mtu. Hata mimi siku ile nilikuwa na mafua tu."

Akachagua mbao nzuri kuliko zote, akazipapasa taratibu. Alimpenda kweli mama mkwe wake.