Babula niliyoiweka kando ya Masika

Hili sijamwambia mtu, hata padri. Mimi ndiye niliyeingiza babula, lile jiko letu la makala, yaani makaa, katika chumba alimolala mtoto wa kaka yangu. Admini, ficha jina langu.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwaka huu, naishi kwetu Butembo. Kaka alioa msichana wa Beni, wakazaa Masika. Shangazi hakumpenda huyo mke tangu mwanzo. "Batu ba Beni banazoea joto. Atachunga mutoto namna gani huku kwa baridi?"

Siku ile mchana kulikuwa na baridi kali. Mama Masika alienda sokoni, akaniachia mtoto wa miezi miwili. Niliwasha babula nje, nikangoja moshi uishe, kama tunavyofundishwa nyumbani. Makala yalipokuwa mekundu nikaiweka kando ya kitanda, nikafunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa kikwembe, kitenge cha mama yake. Nikaenda kuchambua maharagi. Niliporudi, Masika hakuwa anapumua. Nilitoa babula kwanza, ndipo nikaita watu.

Kwenye kilio Shangazi alisema mbele ya wote: "Mutoto hakugonjwa hata siku moja. Nani alimukula kwa uchawi, kama hapana mama yake?" Tangu hapo hakuna anayemwita Mama Masika. Ni "wewe wa Beni, leta maji."

Mama Masika alijibu mara moja tu, akinionyesha kwa mkono: "Niliacha mutoto kwa huyu, muzima."

Shangazi akacheka. "Donc unataka kutupa makosa kwa uyu, mwenye hata kusema anaogopa?"

Nilichukua ndoo, nikatoka.

Juzi, kwenye kituo cha afya, muuguzi aliwaambia wanawake kwamba makala bila moshi yanatoa hewa isiyo na harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua. Nilimwuliza polepole kuhusu Masika, bila kutaja babula yangu. Akasema wengine hufa usingizini na sababu haijulikani, hawezi kuapa. Mimi najua nilichokiziba.

Jumapili familia inakaa ili kumrudisha Mama Masika kwao Beni. Leo amefunga mzigo, akanipa kikwembe kimoja. "Chukua, yaya, dada yangu. Ni wewe tu hukunitukana." Ni kile cha mlangoni.

Nishaurini: nianze kwa kaka, au niseme mbele ya wote? Na kama uko hapa na umenitambua, nakuomba, usipeleke habari kwetu kabla ya Jumapili. Niachie niseme kwa kinywa changu.