Kondoo Kwenye Posa ya Dada Zaina

Jamani, hii habari hapa Gisenyi kila mtu anaijua, hata ng'ambo kule Goma wanaijua, donc sioni faida ya kuendelea kujificha, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia ile iliyotiwa chumvi (kuna wanaosema nilivaa na hereni, na huo ni uongo mtupu, hereni sikuvaa).

Dada yangu Zaina alikuwa anaposwa. Siku ya posa, gusaba tunavyoiita, msemaji wa upande wa bwana arusi na msemaji wa upande wetu wanakaa chini ya hema wanatupiana maneno mbele ya watu, mizaha ikiwemo, hadi waelewane, ndipo binti anatolewa. Wakwe walikuwa wanatoka Goma, na tulishapata habari kwamba mama wa bwana arusi haitaki sana ndoa hii, anasema sisi ni watu wa mchezo mchezo. Kwa hiyo nyumba nzima tukaapa kwamba siku hiyo tutakuwa watu wazima.

Mimi Yusufu, fundi wa familia wa kila kitu chenye waya, kazi yangu ilikuwa kuonyesha picha za maisha ya Zaina kwenye tivi kubwa tuliyoazima kwa jirani, tangu akiwa mchanga hadi leo, huku Baba mdogo Hasani, msemaji wetu, akizielezea. Picha zilikuwa tayari. Tayari kabisa, nawaambia! Shida ni kwamba kompyuta yangu ilikuwa nzito, ukibonyeza kitufe inawaza kwanza, hata nikawa na tabia ya kubonyeza mara tatu nne ili ijue sitanii.

Basi, posa ikiwa kesho, nikaamua kuipa nguvu. Kila kitu kilikuwa kimerundikana kwenye diski moja, mfumo unaoiendesha humo, picha humo, video humo, nayo inahangaika kama mpishi mmoja kwenye harusi. Nikasema nigawe kazi: mfumo ukae peke yake kwenye diski mpya, ile ya kasi, picha zibaki kwenye diski ya zamani, na video zihamie kwenye diski ya tatu, niliyoing'oa kwenye kompyuta nyingine iliyokwisha kufa. Kila diski na kazi yake, hakuna kusukumana.

Zaina akapita akanikuta nimelala sakafuni, bisibisi mdomoni.

"We Yusufu, kwa nini unaifungua? Si ilikuwa inatumika?"

"Inatumika, lakini polepole."

"Na mi naolewa polepole. Iache!"

Sikuiacha. Nikaweka mfumo upya, nikakaza skrubu, nikawasha, na jamani, ikawaka kabla sijakaa vizuri! Nikafungua yale maonyesho ya Zaina, ukurasa wa kwanza wenye jina lake na maua ukaruka mbele ya macho yangu, nikapiga ukelele, nikazima, nikaenda kuoga. (Ukurasa wa kwanza tu. Maua tu. Ningebonyeza mara moja zaidi, leo ningekuwa mutu wa heshima.)

Nilichokuwa sijui ni hiki. Kompyuta inaita kila diski, au sehemu ya diski, kwa herufi, na maonyesho yangu yalikuwa yanakwenda kuchokoa picha kwenye ile sehemu ya diski ya zamani iliyoitwa D, kwenye folda inayoitwa Picha, namba moja, namba mbili, hivyo hivyo. Nilipoweka mfumo upya zile herufi zikabadilika. Diski ya zamani ikawa E, na ile ya tatu ikawa D, nayo ilikuwa na folda yake inayoitwa Picha, namba moja, namba mbili (mimi nikishapata jina moja silitafuti lingine). Na humo nilikuwa nimemhifadhia Baba mdogo picha za mifugo yake na viazi vyake vya kule Bugeshi, zile anazowatumia wanunuzi.

Siku ikafika. Wakwe wakakaa, wanameremeta, mama mkwe mbele kabisa, uso mkavu. Mimi nimejibanza dirishani sebuleni na kompyuta, waya umepita nje hadi kwenye tivi. Baba mdogo akasimama, tivi iko mgongoni kwake, akatoa sauti yake ya msikitini.

"Wageni wetu, mutazame. Huyu ndiye binti yetu akiwa mchanga!"

Nikabonyeza. Akatokea kondoo.

Shingo zote zikarefuka hemani. Halafu Papa Djuma, msemaji wa wakwe, akainuka taratibu akaweka kofia yake sawa. (Lazima mjue kwamba kwetu ni kawaida kumtolea mgeni binti asiye wake kwanza, kwa utani, naye anatakiwa amkatae kwa adabu.)

"Bon," akasema, "tumemuona, ni muzuri sana. Lakini si yule tulifuata. Yule wetu hana sufu namna hii."

Watu wakaangua kicheko. Baba mdogo akadhani ni maneno yake yamewafurahisha, akazidisha sauti: "Na hapa alipokuwa binti, uzuri umeanza kuonekana!"

Ng'ombe. Amepigwa picha kwa nyuma, maana wanunuzi wanataka kuona kiwele.

"Ayiwe!" akalia mama mmoja. Mimi jasho linanitoka, natafuta pa kufunga, sioni, nikafanya nilichozoea: nikabonyeza mara tatu nne. Ila kompyuta sasa ilikuwa na kasi! Mbuzi akapita, beberu akapita, viazi vikapita, kisha ikasimama kwenye picha ya mwisho, na picha ya mwisho nilikuwa mimi.

Mimi, nimevaa mushanana ya Zaina, lile vazi la kufunga begani alilotengenezewa kwa ajili ya posa. Tuna urefu mmoja, na siku ya kupima nguo, Zaina alikuwa kazini, kwa hiyo fundi cherehani akanivisha mimi, akanipiga picha kwa simu yangu nimtumie Zaina aone upindo, nami nikaitupia kwenye folda ileile kabla kompyuta ile haijafa. Mkono kiunoni alinishauri yeye. Midomo kuibinua, hilo nililiongeza mwenyewe.

"Na hivi ndivyo alivyo leo!" Baba mdogo akanguruma. "Munamutaka?"

Papa Djuma akanitazama kwenye tivi muda mrefu. "Iko na ndevu," akasema. "Lakini tumetoka mbali. Tutamuchukua."

Baba mdogo ndipo akageuka. "Yewe! Yusufu?"

Nikasikia mlango nyuma yangu. Zaina akapita mbio, hajaitwa, shela mkononi, akatoka hadi katikati ya hema ndani ya mushanana ileile, akasema, "Pardon, wazazi wangu, ni mimi. Yule ni kaka yangu, na leo namuua."

Na hapo mama mkwe, yule wa uso mkavu, akacheka. Akacheka hadi akamshika jirani yake bega, machozi yanamtoka, akainuka akamkumbatia Zaina akisema mutoto anayejitetea hivi anamtaka. Vigelegele! Posa ikapita. Mimi nilibaki chini ya dirisha hadi wageni walipoondoka, na nikivuka mpaka pale Petite Barrière kwenda Goma kumsalimia dada, shemeji zangu bado wananiita bibi arusi mukubwa.

Basi nimejifunza: kesho kukiwa na shughuli, kompyuta siigusi leo, hata ikienda kama konokono nitaisubiri nikinywa chai. Zile diski ziko vilevile nilivyozipanga, na kasi ni ileile. Ila sasa, kabla sijaonyesha mtu kitu, nafunga mlango, nafungua kurasa zote, moja moja, hadi mwisho, na kidole nakiinua kila nikibonyeza.