Makaa ya Moto kwa Jirani

Mtaani walimwita Mama Aya, kwa sababu hakupatwa na jambo bila kulitafutia aya, wala hakupata aya bila kutafuta mtu wa kumchapa nayo. Alikuwa fundi wa nguo. Juu ya meza ya kukatia iliketi Biblia yake imejaa vipande vya uzi: vyekundu kwenye aya za maadui, vyeupe kwenye aya za marafiki.

Miaka mingi vile vyekundu havikuwa na kazi. Kisha kanisa likampa Sindano tenda ya kushona majoho ya kwaya. Sindano alikuwa fundi wa chumba cha pili, mjane mwembamba, shoga yake wa miaka tisa. Siku hiyo hiyo Mama Aya akaipata aya inayokataza kumkaribisha mtu nyumbani, hata kumpa salamu. Kwamba aya yenyewe iliwahusu walimu wa uongo halikumsumbua.

"Si alinifundisha kukata kola?" alimwambia mumewe. "Na ilikaa vibaya."

Wiki mbili hakumsalimia. Tatizo ni kwamba Sindano hakutambua.

"Pole na jino, shoga yangu!" alipaza sauti dirishani kila asubuhi.

Ikabidi kubadili silaha. Jumapili mchungaji akasoma: adui yako akiwa na njaa, mlishe, maana utampalia makaa ya moto kichwani. Mama Aya akanyoosha shingo. Kumpenda adui kulikuwa kumemshinda. Kumchoma kwa kijiko, hilo aliliweza.

Kuanzia Jumatatu, kila saa saba mchana, sahani ya wali na kuku ilivuka korido. Mama Aya akasimama mlangoni akikikodolea macho kichwa cha Sindano kama anayesubiri maji yachemke. Hakikutoa hata moshi.

Nyumbani kwake wali ulikuwa hadithi tu. Mume na dada yake walikuwa wapendwa, na wapendwa walikuwa na aya yao: mwenye haki akikupiga, ni fadhili. Basi dada akaambiwa gauni lake jipya ni turubai, mume akaambiwa ukweli kuhusu sauti yake ya kuimba, na wote wawili wakala maharage.

"Mke wangu," mume akauliza, akichungulia sufuria, "nifanye kosa gani na mimi nipate paja?"

Mwezi ulipokatika, Sindano alikuja mwenyewe, sketi imembana hadi zipu imekata tamaa. Machozi yalimlenga.

"Tangu nifiwe, hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Wewe umenilisha mwezi mzima! Majoho ni arobaini, shoga. Nilitaka tugawane tangu mwanzo, ila nikaona jino linakutesa."

Mama Aya aliifunga Biblia yake. Uso ulimwaka hadi masikioni.

"Kaa hapo," akasema. "Nipe hiyo sketi niifumue pembeni."

Wakashona pamoja. Kwa kuwa Sindano sasa alikuwa rafiki tena, kuku alikoma siku ya pili, na siku ya tatu Sindano akaambiwa mshono wake umepinda kama njia ya mlevi.

"Mbona wiki iliyopita ulikuwa mpole?"

"Wiki iliyopita ulikuwa adui."

Sindano alicheka mpaka akadondosha mkasi. Alidhani ni utani.

Majoho yalikamilika Jumamosi. Ishirini yalikuwa na mikono mifupi kwa vidole vitatu, na kila fundi alimwapia mchungaji kwamba aliyekata ni mwenzake.