Hodi Isiyoitikiwa

Wanafunzi walimpachika jina la Mama Hodi, wala hakuchukia. Ni mkufunzi mwenzangu, meza yake na yangu zimegusana miaka mingi. Anafundisha vijana wanaosomea ustawi wa jamii, na somo lake la kwanza huwa ni mlango wa darasa. Huwatoa nje mmojammoja wabishe hodi, na anayeingia kabla ya kuitikiwa hurudishwa.

"Wewe ni afisa, si mwenye nyumba," huwaambia. "Hujasikia karibu, huingii!"

Mimi nilikuwa nikimcheka. Nilidhani ni mbwembwe tu.

Muhula uliopita binti mmoja wa darasa lake, mpole, mwenye alama nzuri, alikwenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Akatumwa kumtembelea mama ambaye majirani walisema anapigwa na mumewe. Akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena. Ndani kikaanguka kitu kizito, mtoto akalia, kisha mtoto naye akanyamaza. Binti akageuka, akaenda zake. Jioni majirani walivunja mlango. Mume alikamatwa, mama akakimbizwa hospitali, mbavu zimevunjika.

Kamati ya nidhamu ikakaa. Mkuu wa idara, bingwa wa kunawa mikono kuliko daktari yeyote, alitaka binti afukuzwe. Mama Hodi akasimama.

"Wa kufukuzwa ni mimi. Amefanya nilichomfundisha. Sikuwahi kumwambia akisikia kilio afanye nini, aite majirani, aite polisi, apige kelele. Nilifundisha adabu, nikasahau hatari."

Niliona aibu, maana mimi nilikuwa nimeufyata. Binti akasamehewa, mkufunzi akapewa onyo la mwisho.

Nje kwenye korido binti akamshika mkono.

"Madam, samahani. Siku ile hata somo lako sikulikumbuka. Niliogopa tu. Nilipoona hakuna anayeitikia, nikashukuru moyoni."

Nilitamani kumzaba kofi. Mwenzangu ameweka kazi yake rehani, yeye anatuletea habari hizi sasa! Lakini Mama Hodi hakuuondoa mkono wake.

"Madam, mtu kama mimi anaiweza kazi hii?"

"Sijui, mwanangu. Kesho, saa ya kuona wagonjwa, tukutane kwenye geti la hospitali. Twende tukamwone yule mama. Huenda huko ukajua mwenyewe."

Kesho yake nilimsindikiza mwenzangu. Tulisimama getini mpaka mlinzi akatuonea huruma, akatuachia benchi lake. Binti hakutokea, na simu yake haikupatikana. Tukaingia wawili, tumenywea.

Yule mama alikuwa amelala chali, anapumua kwa shida. Mama Hodi akampa pole, akamweleza kwamba ametoka chuoni na amekuja kuomba radhi. Mgonjwa akawa anatazama nyuma yetu.

"Yule binti hamkuja naye?"

"Amepata dharura," mwenzangu akadanganya.

"Nilikuwa namsikia. Mume wangu alikuwa ameniziba mdomo. Hodi ya kwanza, akaacha kunipiga. Ya pili, mkono wake ukaanza kulegea, akajikwaa akaangusha kabati." Akatazama tena mlangoni. "Nikasema moyoni, abishe mara moja tu tena, huyu ataniachia."