Baba na Kikohozi cha Mama Mkwe

Baba alifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba, kando ya reli ya Mwanza, tangu kabla sijazaliwa. Alipostaafu, wakwe zake walimkatia shamba Lusu, kwao mama. Nilifika huko nikitokea Tura, ambako nilikuwa nikiwauliza watu njia ya wapagazi wa misafara ya zamani ilipita wapi. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijakaa mahali miezi miwili. Nilidhani nitamkuta baba ametulia. Nikamkuta anazunguka uani, akikaza mipini ya majembe ambayo haikulegea.

Siku ya tatu mjomba, kaka yake mama, aliingia bila hodi.

"Shemeji, mama amekohoa mara tatu kule njiani. Mara tatu! Nawe unamjia tu uso kwa uso kama fahali!"

Kwetu mwanamume hakutani na mama mkwe wake. Mama mkwe akikohoa, mkwe huacha njia, humpa mgongo mpaka apite. Zamani baba alikuja Lusu siku chache tu kwa mwaka. Sasa wote walitumia njia moja ya kisimani.

"Sikumwona!" Baba alipaza sauti, kuku wakatawanyika.

"Unanifokea? Kwenye ardhi yetu?"

Hakuwa anafoka. Wenzake wote wa kiwandani walizungumza hivyo, kushindana na mashine. Mjomba aliondoka akisema kama shamba limemlevya, arudi kwenye pamba yake.

Baba akaanza kufunga mikeka. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikakunja blanketi langu, nikamwambia twende wote Tabora, mjini hakuna wa kutukoholea. Hakujibu. Nilikuwa nyuma yake.

Mama akazunguka mbele yake, akamshika mikono.

"Waambie husikii."

"Nasikia."

"Mtoto amesema nini sasa hivi?"

Baba akaitazama mikeka. "Watanicheka, mama watoto."

"Wacheke. Mimi sitoki hapa tena."

Jioni baba akaenda kwa mjomba, akimvuta mbuzi wa kuomba radhi, akasema mwenyewe kwamba mashine zimemmaliza masikio. Mjomba akapokea kamba. Sauti ya bibi ikatoka ndani ya nyumba:

"Mwambieni mkwe wangu, nitatupa bonge la udongo mbele yake. Akiliona, apishe."

"Na ukikosea shabaha, mama, ukampasua kichwa?" mjomba akauliza.

"Basi atajua nimefika!"

Asubuhi nilikuwa naondoka kwa njia ya kisimani, mzigo wangu begani, bonge likaanguka mbele ya baba. Aliruka ndani ya mtama kama kijana, akageuza mgongo. Bibi akapita na mtungi wake, akatokomea. Baba akabaki amesimama vilevile, shingo imekakamaa, kwa muda mrefu, maana hakuwa na njia ya kujua.

Nikatua mzigo, nikaenda kumgusa bega.

"Amepita?" akauliza, kwa sauti ambayo nina hakika bibi aliisikia kisimani.