Daraja la Chamsoudine

Mwaka wa pili tangu mamluki watue visiwani kwetu, Chamsoudine alirudi Mutsamudu kwa likizo. Huko Moroni alikuwa akiwapikia hao wazungu wenye bunduki, lakini alitembea kana kwamba yeye ndiye aliyepindua serikali. Mfukoni alikuwa na kadi ya posta: daraja kuukuu la mbao mjini Amsterdam, la waenda kwa miguu tu, linaloinuliwa mashua zikitaka kupita. Aliwahi kuosha vyombo mkahawani kando yake miezi saba. Alilisifu utadhani lilijengwa na babu yake.

Nafissa, mkewe, aliisikiliza hadithi hiyo akichambua mchele, asiinue uso.

Nyumba waliyokaa ilikuwa ya Nafissa, kama ilivyo ada yetu: mwanamke hujengewa na kwao, mume huja na sanduku lake. Juu ya kichochoro palikuwa na kivuko cha mbao kilichofika nyumba ya mamake, Bi Bahia, ili wanawake wapite bila kushuka njiani. Bi Bahia alikuwa amepooza miguu. Kila sala Nafissa alivuka kwenda kumtawadhisha.

Chamsoudine akamwita seremala Oumouri. Kivuko kikatiwa bawaba na kamba ya kukiinua, na kamba ikafungwa kando ya kiti cha bwana.

"Mke wa mtu hazururi," akasema. "Ukitaka kuvuka, niombe."

Adhuhuri ikaadhiniwa. Mbao zilikuwa zimesimama wima.

"Nafissa! Maji, mwanangu!" mama akaita ng'ambo.

"Teremsha, bwana. Mama anataka kusali."

"Angoje. Kule Ulaya watu hungoja mashua ipite."

"Mashua gani? Hapo chini anapita mbuzi wa Saïndou."

Chamsoudine akacheka, mikono kifuani, kama mabwana zake wa Moroni. Wakati ukawa unakwenda. Nafissa akajitanda shiromani, akachukua birika, akashuka kichochoroni mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya tangu aolewe.

"Kulikoni, Nafissa?" jirani akauliza.

"Mume wangu anangoja mashua."

Kicheko cha mtaa kikapanda mpaka kitini.

Mama alisali ndani ya wakati, alhamdulillahi. Kisha Nafissa akarudi, akaliburuta sanduku la Chamsoudine hadi mlangoni.

"Nyumba ni yangu. Daraja ni lako, ling'oe uende nalo."

Hakuling'oa. Hata bawaba hakujua kuifungua. Akaondoka na sanduku kichwani, na kabla ya alasiri Oumouri alikuwa juu kule, akizipigilia mbao misumari zisiinuke tena.